Pipa halikuja: kisa cha orodha ya zawadi za jikoni, Mombasa

Majina, mtaa na tarehe vimeondolewa. Vipimo vimeachwa kama vilivyokuwa, kwa sababu kisa chenyewe ni cha vipimo.

Usuli

Bi harusi na bwana harusi walikuwa wamepata nyumba ya kupanga upande wa kaskazini mwa kisiwa, ghorofa ya tatu, vyumba viwili. Harusi ilipangwa kufanyika miezi miwili na nusu baadaye, wageni takriban mia tatu, wengi wao jamaa na majirani wa pande zote mbili. Ramadhani ingeingia miezi minne baada ya harusi, na jambo hilo lilikuja kuwa na maana.

Orodha ya zawadi haikuwa desturi ya nyumba hii. Wazo lilitokana na harusi ya dada mkubwa wa bi harusi, miaka miwili nyuma. Dada huyo alipata hotpoti tisa, themosi saba na seti kumi na moja za glasi. Hakupata kisu. Hakupata kibao cha kukatia wala mbuzi ya kukunia nazi. Siku ya tatu ya ndoa alikata kitunguu kwa kisu cha keki, utepe ukiwa bado umefungwa kwenye mpini.

Hakuna aliyekuwa mchoyo katika harusi ile. Tatizo lilikuwa kwamba zawadi hupelekwa mbele za watu, huwekwa palipo wazi, na anayeleta hutaka kionekane alicholeta. Hotpoti ina boksi kubwa, ina maua ubavuni, inafungika vizuri kwa karatasi. Kisu ukikifunga kwa karatasi kinabaki kuwa kisu kilichofungwa karatasi.

Jiko lenyewe

Jiko lilitakiwa kupimwa kabla ya lolote. Hatua hii ilichelewa wiki mbili, na tutaona gharama yake.

Upana mita 1.7, urefu mita 2.1. Meza ya terazo upande mmoja, urefu wake mita 1.3 na kina chake sentimita 55. Sinki ya sentimita 40 kwa 35. Kabati moja la milango miwili chini ya meza, rafu moja juu. Soketi mbili tu, na moja ilikuwa tayari imeshikwa na friji. Kibaraza kidogo nyuma, kinachoweza kuweka jiko la makaa na ndoo mbili.

Maji ya mfereji yalikuja siku mbili au tatu kwa wiki. Siku nyingine jengo lilipandisha maji ya kisima, na maji ya visima vingi vya Mombasa yana chumvi. Ukiyachemsha birikani wiki tatu, utaona ukoko mweupe.

Orodha ya kwanza

Bi harusi na binamu yake waliandika orodha ya kwanza usiku mmoja, kutoka orodha za ughaibuni walizozikuta mtandaoni. Ilikuwa na vitu 47. Mlikuwamo mashine ya kukandia unga, tosta, sufuria nzito ya chuma iliyopakwa rangi, ya kuingia ovenini, seti ya vikaango vya nonstiki, na kibao cha kuchomekea visu chenye visu kumi na vinne. Oveni haikuwapo nyumbani. Mbuzi haikuwamo kwenye orodha. Kinu hakikuwamo.

Orodha ikatumwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo usiku uleule, na jamaa walioko nje wakaiona asubuhi. Ilikaa siku nne kabla ya shangazi mmoja kuuliza: "Nazi mtaikuna na nini?"

Swali hilo lilitosha kuiondoa. Lakini siku nne si chache. Jamaa aliyeko Marekani alikuwa ameshalipia mashine ya kukandia unga, na huku Mombasa watu watatu walikuwa wameshanunua: tosta mbili na seti ya nonstiki.

Kikao cha pili

Wiki nane kabla ya harusi walikutana watu watano: shangazi wawili, somo wa bi harusi (mwanamke anayemfunda mambo ya ndoa), bi harusi mwenyewe na kaka wa bwana harusi, ambaye ndiye aliyepewa daftari. Waliacha kuuliza "nyumba inahitaji nini?" wakauliza mambo matatu: wiki nzima mtapika nini, mtapikia moto gani, na kwa maji gani.

Chakula kiliandikwa siku kwa siku. Asubuhi mahamri na mbaazi za nazi mara mbili kwa wiki, siku nyingine chai na mkate au chapati. Mchana bwana harusi hayuko. Usiku wali wa nazi na mchuzi wa samaki, sima na mchicha, chapati na maharagwe. Ijumaa pilau au biriani, na mara moja kwa mwezi wageni sita hadi kumi. Ramadhani: kaimati, viazi karai, sambusa, yaani kukaanga kila siku kwa mwezi mzima.

Hapo vyombo vikajitaja vyenyewe. Mahamri na kaimati vinataka karai. Wali wa nazi unataka mbuzi au blenda, chujio, na sufuria ambayo kifuniko chake kinaweza kupaliwa makaa. Na hili la makaa juu ya kifuniko peke yake lilifuta nusu ya seti za madukani, maana kifuniko cha kioo hupasuka na kitasa cha plastiki huyeyuka.

Moto: gesi kwa kazi ya kila siku, makaa kibarazani kwa wali wa Ijumaa na samaki wa kupaka. Nonstiki na makaa havipatani. Utando wake huanza kuharibika joto likipita nyuzi 260 hivi, na kikaango kitupu juu ya makaa yaliyokolea hufika huko upesi. Zaidi ya hapo, kila mwiko wa chuma utakaogusa humo ni mkwaruzo.

Maji: chumvi hula alumini nyembamba na stenlesi hafifu kwa vitobo vidogo vidogo. Mmoja wa shangazi alijua kipimo cha sumaku, kwamba sumaku ikishika basi stenlesi ni hafifu. Kipimo hicho ni nusu ya ukweli. Sumaku hukamata aina moja hafifu, lakini iko nyingine yenye nikeli kidogo ambayo sumaku haiishiki na bado hupata kutu pwani. Alama iliyopigwa chini ya chombo, 18/8 au 18/10, inaaminika zaidi, na hata chombo chenye alama hiyo usikitie chumvi kabla maji hayajachemka. Punje za chumvi zikilala chini kwenye maji baridi huacha alama zisizotoka.

Orodha ya pili ilivyokuwa

Ilikuwa na vitu 31. Haikutaja jina la kampuni hata moja. Kila kitu kilipewa kipimo na maada, na baadhi sababu ya maneno machache. Hapa ni sehemu yenye uzito:

- Sufuria tano za alumini nene zisizo na vipini: lita 1, 2, 3, 5 na 8. Kila moja na kifuniko chake bapa cha alumini. Bonyeza chini kwa kidole gumba, ikibonyea, rudisha.
- Karai la chuma, sentimita 30 mdomoni, lenye masikio mawili.
- Kikaango cha chapati, chuma, kizito, kisichome katikati, sentimita 28.
- Mbuzi ya kukunia nazi, ya kukunja, ulimi wa chuma ulioshikwa kwa misumari miwili au zaidi.
- Kisu cha sentimita 20, kisu cha sentimita 10, kinoo.
- Vibao viwili vya kukatia, kimoja cha samaki na nyama, kingine cha mboga.
- Chujio la tui, sentimita 20, na chujio la chai.
- Kinu kidogo na mchi wake, kwa kitunguu saumu na tangawizi.
- Kibao na mti wa kusukumia.
- Miko mitatu, pawa mbili, kijiko cha matundu.
- Masinia mawili, sentimita 45.
- Hotpoti mbili tu: lita 2.5 na lita 5. Themosi moja.
- Blenda ya volti 220 hadi 240, wati 500 au zaidi, yenye kikombe cha kusagia vikavu.
- Pipa la maji la lita 100 lenye kifuniko na bomba, ndoo mbili.
- Jiko la gesi la mezani la moto mbili, mtungi wa kilo 13, regileta, mpira na klipu zake. (Vitu vinne, wachangiaji wanne.)

Vipimo vya sufuria havikutolewa hewani. Kilo moja ya mchele ikiiva hujaa lita tatu hadi nne, na juu yake inatakiwa nafasi ya kugeuza mwiko na kuchemka bila tui kumwagika. Kwa hiyo kilo moja ni sufuria ya lita 5, nusu kilo ni ya lita 3. Watu wawili kwa usiku mmoja ni robo kilo, ambayo sufuria ya lita 2 inaitosha vizuri. Ukiipika ndani ya ile ya lita 5, maji yanakauka kabla punje hazijaiva na chini unapata ukoko. Ya lita 8 ni ya wageni kumi. Zaidi ya hapo ni sufuria za shughuli, na hizo Mombasa huazimwa au hukodiwa. Hakuna haja ya kuzihifadhi kwenye kabati la milango miwili.

Kuhusu nazi palikuwa na mabishano kidogo. Bi harusi alitaka blenda tu. Somo alitaka mbuzi tu. Vyote viwili viliwekwa, na hoja iliyoshinda ilikuwa ya umeme: blenda haikuni nazi tokeni zikiisha. Blenda nayo ina masharti. Nazi ikatwe vipande vya ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, maji ya uvuguvugu vikombe viwili kwa nazi moja, isage kwa sekunde arubaini, ipumzike, isage tena. Yaliyochemka hupasua jagi la plastiki. Mota ya wati 350 huweza kazi hii miezi michache, kisha kile kinyota cha plastiki kinachoshika jagi huliwa meno yake na kubaki kikizunguka peke yake.

Presha kuka iliingia orodhani kwa shinikizo la jamaa wa Nairobi. Huko ina maana zaidi. Nairobi iko mita 1,700 na zaidi juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi na maharagwe hayaishi kuchemka. Mombasa maji yanachemka kwenye nyuzi 100, na mbaazi zilizorowekwa usiku kucha huiva bila taabu. Presha kuka bado huokoa gesi, ila hapa si chombo cha kwanza.

Ilibaki aibu ya vitu vidogo. Nani ataingia ukumbini na chujio? Shangazi mkubwa ndiye aliyeitatua. Vitu vyote vya chini ya shilingi 1,000 vilikusanywa katika mafungu matatu, kila fungu ndani ya beseni moja kubwa: visu vimelazwa chini kwenye kitambaa, juu yake vibao, kisha machujio, miko na pawa zimesimamishwa pembeni kama maua, kinu katikati ili kizuie visianguke. Leso ikafunikwa juu, pembe zikafungwa chini ya beseni. Mafungu yale matatu yalichukuliwa siku ya kwanza orodha ilipotoka. Boksi la hotpoti halikufua dafu mbele ya beseni lililofunikwa leso mpya.

Daftari

Kaka wa bwana harusi alishika daftari peke yake. Mtu akichagua kitu alimpigia au kumwandikia yeye, si kundi; kitu kikafutwa orodhani na orodha mpya ikatumwa kila Jumapili. Michango ya jiko la gesi ilipitia M-Pesa kwa mtu mmoja. Wiki mbili kabla ya harusi orodha ilifungwa.

Siku ya zawadi

Vitu vya jikoni vilivyofika vilikuwa 48. Kati ya vitu 31 vya orodha, 22 vilifika sawasawa, vitano vilifika vikiwa na kasoro ya kipimo au maada, vinne havikuja. Nje ya orodha vilifika 21: hotpoti nne, themosi tatu, seti tano za glasi, seti mbili za sahani, trei tatu, tosta mbili, seti ya nonstiki, na mashine ya kukandia unga kutoka Marekani.

Vitano vyenye kasoro vinafaa kutajwa kimoja kimoja. Sufuria ya lita 5 ilikuja na kifuniko cha kioo, kwa sababu dukani mtu alionyeshwa "ileile lakini nzuri zaidi". Karai lilikuja la nonstiki, chini bapa. Beseni la kuoshea vyombo lilikuwa pana kuliko sinki yenyewe. Mbuzi ilitoka duka la mapambo ya watalii: imechongwa, imepigwa vanishi, ulimi wake wa bati laini ulipinda kwenye nazi ya kwanza. Na regileta ilikuwa ya mtungi wa kilo 6.

Vinne visivyokuja ni ungo, mizani, presha kuka na pipa la maji. La pipa lina maelezo mafupi. Ami mmoja alilichagua, akalinunua, kisha siku yenyewe akaona haya kuingia nalo harusini. Alileta trei.

Mwezi wa kwanza

Usiku wa kwanza wa kupika hapakuwa na kupika. Regileta ya mtungi wa kilo 6 haiketi kwenye valvu ya mtungi wa kilo 13. Mmoja wa vijana alitaka kuilazimisha kwa kufunga kitambaa cha mpira. Somo, aliyekuwapo, alikataa katakata, na alikuwa na haki: gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja hulala chini sakafuni na kungoja cheche. Asubuhi regileta ilibadilishwa dukani kwa risiti. Mpira ulifungwa kwa klipu pande zote mbili, urefu wake mita 1.2, ukapitishwa mbali na moto. Kila kiungo kilipakwa povu la sabuni na valvu kufunguliwa. Kwenye kiungo cha jiko povu lilitoa vipovu, klipu ikakazwa, likapakwa tena, likatulia.

Siku ya pili pipa lilinunuliwa na bwana harusi mwenyewe. Lilikuwa kitu cha kwanza walichokinunua kwa fedha zao, na mpaka leo hakuna chombo kinachotumika zaidi humo ndani.

Wiki ya pili mashine ya kukandia unga ilichomekwa. Kibandiko chake kilisema volti 120, wati 325. Wifi alikuwa na adapta ya kugeuza plagi ya Kimarekani iingie kwenye soketi ya pembe tatu, na wote waliamini kazi imekwisha. Adapta hugeuza umbo la meno tu. Umeme uliopita ulikuwa uleule wa volti 240, mara mbili ya ule uliotakiwa na mota. Mashine ililia kwa sauti ya juu isiyo ya kawaida, mkono wake ukaruka, harufu ya vanishi iliyoungua ikafuata. Fundi aliifungua akakuta waya za mota zimeungua. Kuisuka upya kungewezekana, ila gharama ilikaribia ya mashine mpya ya volti 240. Transfoma ya kushusha umeme, yenye uwezo mkubwa kuliko wati za mashine, ingeiokoa, lakini ni mzigo mwingine mezani, na meza ni ya mita 1.3.

Seti ya nonstiki ilidumu wiki tano. Kikaango kikubwa kiliwekwa juu ya makaa kwa samaki, utando ukavimba na kubanduka katikati.

Baada ya miezi sita

Ramadhani ilikuwa imepita. Karai la nonstiki lilikuwa limeshabadilishwa na la chuma, sentimita 30, na lilikaanga kila jioni ya mwezi mtukufu. Lilipata kutu mara moja, lilipooshwa na kuachwa na maji ya kisima usiku kucha. Lilisuguliwa, likakaushwa motoni, likapakwa mafuta, na tangu hapo halioshwi kwa sabuni isipokuwa baada ya samaki.

Sufuria ya lita 2 na ya lita 3 zilitumika kila siku. Ya lita 8 mara tano kwa jumla. Masinia yalitumika kila Ijumaa, ila kulikuwa na kero ambayo hakuna aliyeiona mapema: sinia la sentimita 45 haliingii sinki ya sentimita 40. Linaoshewa bafuni, likiegemezwa ukutani.

Hotpoti nne zilizozidi zilihamia harusi nyingine mbili. Seti za glasi ziko chini ya kitanda.

Uchambuzi: kilichofaa

Kilichofaa zaidi ni kuanza na chakula cha wiki. Orodha ya kwanza iliandikwa kwa kuangalia jiko la mtu mwingine. Ya pili iliandikwa kwa kuangalia sahani. Vitu 22 kati ya 31 kufika kama vilivyoombwa, katika ukoo usiojua orodha, si haba.

Mafungu ya beseni yalifaulu kwa sababu hayakupigana na desturi ya kuonekana. Yaliitumia. Visu, machujio na vibao, vile hasa ambavyo dada mkubwa alivikosa, ndivyo vilivyochukuliwa mapema zaidi.

Kuandika kipimo pamoja na sababu nako kulisaidia, ila palipokuwa na sababu. Angalia sufuria ya lita 5: orodha ilisema kifuniko cha alumini, haikusema "kwa kupalia makaa". Mnunuzi aliona kioo ni heshima zaidi, na kwa alichokijua hakukosea. Kikaango cha chapati kiliandikiwa "kizito, kisichome katikati", na kikaja kizito.

Daftari la mtu mmoja lilizuia marudio ndani ya orodha. Hakuna kitu cha orodha kilichokuja mara mbili. Halikuweza kuwazuia wale ambao hawakuiangalia orodha kabisa, na hao watakuwapo daima. Hotpoti nne nje ya orodha, badala ya tisa za dada mkubwa, ni punguzo la kuridhisha.

Kilichokwenda mrama

Orodha kutolewa kabla ya kukaguliwa. Mashine iliyoungua, tosta mbili zisizo na soketi ya kuchomekwa na seti ya nonstiki vyote vinatokana na zile siku nne. Ujumbe wa kuiondoa orodha ya kwanza ulisema tu "subirini mpya". Haukusema "msinunue chochote cha umeme kutoka nje". Jamaa wa Uingereza, Falme za Kiarabu na kwingineko kwenye umeme wa volti 220 hadi 240 wanaweza kutuma bila wasiwasi mkubwa. Wa Marekani na Kanada waombwe vitu visivyo na waya, au fedha.

Kugawa vitu vinavyoshikana. Jiko la gesi, mtungi, regileta na mpira ni kitu kimoja chenye vipande vinne. Kuvigawa kwa watu wanne kulionekana ni haki ya mchango, lakini kila mmoja alinunua dukani kwake bila kuona cha mwenzake. Hivi vichangwe fedha na mtu mmoja avinunue pamoja, avifunge palepale dukani, avifungue, ndipo avibebe. Kanuni hiyohiyo ni ya sufuria na vifuniko vyake, na blenda na kikombe chake cha kusagia.

Jiko kupimwa, vyombo visilinganishwe. Vipimo vya sinki vilikuwa daftarini, vipimo vya sinia vilikuwa orodhani, na hakuna aliyeviweka kando kwa kando. Beseni la kuoshea vyombo liliingia mtego uleule.

Na pipa. Kikao kilifikiri vizuri kuhusu aibu ya vitu vidogo, kikasahau kwamba kitu kikubwa kinaweza kuwa na aibu pia. Mbuzi iliumia kwa sababu iliyo jirani: mnunuzi aliona mbuzi ya sokoni, ya mbao mbichi, haifai kuwa zawadi, akaenda kutafuta yenye nakshi. Vitu vya aina hii havifai kuachiwa wageni. Familia ivinunue yenyewe na kuvipeleka nyumbani kabla ya harusi, bila ukumbi kuhusika.

Yaliyobadilishwa kwa harusi iliyofuata

Mdogo wake bwana harusi alioa mwaka uliofuata, na daftari lilelile likatumika. Orodha ilianza kuandikwa siku jiko lilipopimwa, wala si kabla. Pipa, ndoo, mbuzi na jiko la makaa vilitolewa kwenye orodha ya wageni. Mbuzi ilinunuliwa sokoni Kongowea na mavyaa mwenyewe, aliyeikalia palepale kibandani na kuitikisa kabla ya kulipa. Gesi ikawa mstari mmoja wenye nambari moja ya M-Pesa. Masinia yalipunguzwa hadi sentimita 38. Na kila kitu cha umeme kiliandikiwa volti zake kwa tarakimu kubwa, pamoja na nambari ya simu ya mshika daftari, ili mtu apige akiwa bado yuko mbele ya kaunta.

Hotpoti zilifika sita.